Kisiwa cha Prospero: nani hasa ana haki ya kukitawala?

MwalimuManyatta, Kisumu

Wanajukwaa, hamjambo. Kidato cha tatu wana mdahalo juu ya The Tempest, ile tamthilia ya Shakespeare ya dhoruba na kisiwa. Swali ni moja tu: nani anastahili kukitawala kisiwa kile? Kuna makundi manne: la Prospero, mtawala wa Milan aliyepinduliwa akatupwa baharini pamoja na bintiye Miranda; la Caliban, aliyemkuta kisiwani na kumfanya mtumwa; la Ariel, pepo anayemtumikia; na la wale walevi wawili, Stephano na Trinculo, ambalo liko pale zaidi kwa kuchekesha.

Shida ni kwamba mazoezini mdahalo unazima baada ya dakika kumi. Wa Caliban wanasema "kisiwa ni cha mamake". Wa Prospero wanajibu "huyo alitaka kumnajisi Miranda". Basi, kila mtu anaketi. Wa Ariel hawana neno kabisa.

Naomba msaada kwa mambo matatu. Kwanza, mistari ipi hasa inabeba kesi ya kila upande? Kitabu chote hawawezi kukishika. Pili, Prospero amekaa kisiwani miaka 12, na mwanafunzi mmoja mwerevu anadai kwamba kwa sheria ya Kenya ardhi hiyo imeshakuwa yake. Ni kweli? Tatu, wote wanataka kuleta habari za Migingo, kile kisiwa cha Ziwa Victoria kinachogombaniwa na Kenya na Uganda. Niruhusu au nikataze? Tuna kipindi pacha, dakika 80.

Lurambi_Fasihi, Kakamega

Mwalimu, karibu kesi yote iko tendo la 1, onyesho la 2. Ndilo onyesho refu kuliko yote mle, kwa hiyo usilisome zima. Kata vipande vitatu: pale Ariel anapodai uhuru wake na kukaripiwa, pale Caliban anapoitwa atoke mwambani, na pale mwishoni Prospero anapomkamata Ferdinand, mwana wa mfalme wa Naples. Hicho cha tatu watu hukiruka, na ni makosa. Prospero anamshtaki kijana wa watu kwamba amekuja kupeleleza ili amnyang'anye kisiwa yeye aliye bwana wake. Anajua fika kuwa ni uongo, maana dhoruba iliyomleta Ferdinand aliiagiza mwenyewe. Lakini sikiliza neno alilolichagua: bwana wa kisiwa. Tangu aingie jukwaani analia Milan, Milan, kumbe na kisiwa ameshajiandikia.

Sasa Caliban. Wanafunzi wamesikia dai moja, na mle kwenye maneno yake mna madai matatu yaliyofungwa pamoja kama mzigo wa kuni. Ukiyaacha hivyo, upande wa pili utavunja kijiti kilicho dhaifu na kujifanya wameuvunja mzigo.

La kwanza ni urithi: kisiwa ni changu kupitia Sycorax mama yangu. Hilo ndilo dhaifu. Sycorax hakuzaliwa pale. Alifukuzwa Algiers kwa uchawi, akaletwa na mabaharia akiwa mjamzito, wakamtupa ufukoni. Kama kufika tu kunatosha, hata Prospero alifika. Wa Prospero wakiwa macho watauliza hivi: mama aliupata wapi huo ufalme wa kurithisha?

La pili ni udanganyifu. Ulipokuja mara ya kwanza, Caliban anasema, ulinipapasa, ukanijali, ukanipa maji yenye matunda ndani, ukanifundisha majina ya ile taa kubwa ya mchana na ile ndogo ya usiku. Nikakupenda. Nikakuonyesha chemchemi za maji matamu, mashimo ya maji ya chumvi, penye rutuba na pasipo na rutuba. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kisiwani pale jembe limeishia mkononi mwa mwenyeji.

La tatu ni lile ambalo wanafunzi hulipita mbio: mimi ndimi raia wako wote, niliyekuwa kwanza mfalme wa nafsi yangu. Dai hili halimhitaji mama. Linasimama hata Sycorax angekuwa mwizi. Mwambie msemaji wao wa kwanza aanze na hili, urithi auweke mwisho, au auache kabisa.

Kisha wape wa Caliban zawadi hii. Kabla hajamwita Caliban, Prospero anamkumbusha Ariel hali ya kisiwa baada ya Sycorax kufa. Anasema kwamba wakati ule kisiwa hakikuwa na heshima ya kuwa na umbo la binadamu, isipokuwa yule mtoto ambaye mchawi alimwacha, kijitoto chenye madoadoa. Wasome polepole, kalamu mkononi. Matusi yamejaa, lakini neno "isipokuwa" linafanya kazi yake: kisiwa hakikuwa na binadamu ila huyo. Prospero amekiri kwa mdomo wake mwenyewe kwamba kulikuwa na mtu pale, na kwamba huyo ni mtu. Wasomaji wengi hudhani maneno ya "umbo la binadamu" yanamnyima Caliban ubinadamu, kwa sababu yanakuja mara tu baada ya matusi. Sarufi inasema kinyume.

Jambo jingine. Prospero hakumwona Sycorax hata siku moja. Alikuwa ameshakufa. Muulize kila anayemtaja mchawi huyo: umepata wapi habari hizi? Kwenye onyesho hilohilo Prospero anamuuliza Ariel Sycorax alizaliwa wapi, na Ariel ndiye anayejibu Algiers. Yaani shahidi pekee ni mtu aliyefungiwa na Sycorax ndani ya msonobari miaka 12. Huenda anasema kweli. Lakini hana sababu ya kumsifu.

Kama maktaba ina Tufani, tafsiri ya S. S. Mushi ya mwaka 1969, waazime. Wakisoma kwa lugha zote mbili wanaacha kuogopa maneno na kuanza kubishana juu ya maana.

Wakili_Section58, Nakuru

Mwalimu, mpongeze huyo mwanafunzi wa miaka 12, halafu umwangushe taratibu. Sheria yetu ya muda wa kufungua kesi, Sura ya 22, inasema kweli kwamba mtu hawezi kudai ardhi mahakamani baada ya miaka 12 tangu haki yake ya kudai ilipoanza. Na aliyekaa muda huo anaweza kwenda mahakamani aandikishwe kuwa mwenye ardhi. Siku hizi kesi hizo huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Hesabu ya mtoto ni nzuri: Miranda alikuwa hajatimiza miaka mitatu walipotupwa baharini, na miaka 12 imepita.

Lakini kukaa peke yake hakutoshi. Ni lazima uwe umekaa bila kutumia nguvu, bila kujificha, na bila ruhusa ya mwenyewe. Hapo ndipo Prospero anapokwama, na hapo ndipo wanafunzi wengi watakosea, kwa sababu watadhani ruhusa inamsaidia. Inamuua. Aliyekaribishwa ni mgeni, na muda wa mgeni hauhesabiwi hata akae miaka 30.

Twende na ushahidi. Mwanzoni Caliban alimwonyesha chemchemi kwa hiari yake: ruhusa. Prospero naye anasema alimlaza Caliban katika makao yake mwenyewe mpaka pale alipomshambulia Miranda: bado ni ujirani. Baada ya hapo ndipo Caliban akafungiwa kwenye mwamba na kuzuiwa sehemu nyingine zote za kisiwa. Saa ya sheria inaanza siku hiyo, si siku mashua ilipotia nanga. Tamthilia haisemi siku hiyo Miranda alikuwa na umri gani, lakini hata ukisema alikuwa na miaka 10, Prospero ana kama miaka 5 tu. Tena hiyo 5 ni ya nguvu na minyororo, kwa hiyo hata kigezo cha kwanza hajakipita.

Bado kuna jambo la umri wa Caliban. Ariel alikaa mtini miaka 12, na ndani ya muda huo Sycorax akafa. Caliban alizaliwa kisiwani. Kwa hesabu hiyo Prospero alimkuta akiwa mvulana, huenda wa miaka 12 hivi, yatima asiye na mtu. Sheria ina kifungu cha kumlinda mtoto. Muda haumkimbizi kama unavyomkimbiza mtu mzima. Wanafunzi humchora Caliban kama dude zee lenye magamba. Wakishapiga hesabu hii picha inageuka.

Na wakitaka sheria ya kwao Shakespeare, Uingereza ilitunga sheria yake inayojulikana kama ya mwaka 1623, ikaweka miaka 20 kwa madai ya ardhi. Mwaka uleule tamthilia hii ilichapwa kwa mara ya kwanza. Kwa kipimo hicho pia Prospero hajafika.

Onyo moja. Haya yote ni umiliki wa ardhi. Hoja yenu inasema kutawala. Mtu anaweza kuwa na hatimiliki ya shamba na asiwe chifu wa kijiji. Tenganisha maneno hayo dakika ya kwanza, la sivyo pande mbili zitabishana juu ya vitu viwili tofauti na kila mmoja aondoke anadhani ameshinda.

Migingo: ikataze mpaka dakika kumi za mwisho. Ule ni ubishi wa nchi mbili juu ya mstari wa mpaka, na hati inayobishaniwa ipo, amri ya mipaka ya mwaka 1926. Kwa Caliban hakuna ramani wala nchi. Ukiuruhusu mapema, vijana wataanza kubishana kuhusu samaki wa mbuta na polisi, na Shakespeare utamtafuta usimpate.

Njoro_Msomaji, Nakuru

Nakubaliana na wakili kuhusu sheria, ila nataka kumtetea mtu ambaye hamjampa kundi: yule anayesema Prospero hastahili kwa sababu ya kazi yake, si kwa sababu ya namna alivyokuja. Mnabishana juu ya mlango alioingilia, na hakuna anayekagua nyumba.

Aliipotezaje Milan? Anasema mwenyewe: alizama kwenye vitabu, kazi ya utawala akamwachia ndugu yake Antonio, na Antonio akaona hakuna mwenye nyumba. Sasa ruka mpaka tendo la 4. Amewaandalia Ferdinand na Miranda maonyesho ya mapepo ya kubariki uchumba wao, amenogewa, mara anashtuka katikati: amesahau kwamba Caliban na wenzake wako njiani kuja kumuua, na saa imekaribia. Amesahau! Kosa lilelile, miaka 12 baadaye. Mtawala anayekaribia kupinduliwa mara mbili kwa sababu ya kuzama kwenye anachokipenda hajajifunza. Wa Prospero hawana jibu jepesi hapo, isipokuwa kwamba safari hii alikumbuka kabla mambo hayajaharibika.

Kuhusu neno "kisiwa kitupu". Toleo la kwanza la 1623 limeandika nyuma ya tamthilia kwamba mahali pa tukio ni kisiwa kisichokaliwa na watu. Chini yake inafuata orodha ya wahusika, na Caliban yumo. Ukurasa mmoja. Huku Bonde la Ufa tunazijua karatasi za namna hiyo. Wamaasai walihamishwa kutoka maeneo ya Naivasha na Nakuru kwa mapatano ya 1904, na Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1915 ikaja kuhesabu hata ardhi waliyokalia Waafrika kuwa ya Mfalme wa Uingereza, huku walowezi wakiruhusiwa kukodi mashamba kwa miaka 999. Ardhi huwa tupu kwanza kwenye karatasi.

Hata hivyo wanafunzi wasikimbie kusema Shakespeare aliandika juu ya Afrika. Kilichokuwa mdomoni mwa watu London wakati ule ni meli ya Sea Venture, iliyovunjika Bermuda mwaka 1609 ikielekea Virginia. Abiria walikaa huko karibu miezi kumi, wakaunda meli mbili, wakaondoka. Bermuda kweli haikuwa na watu. Kulikuwa na nguruwe. Tazama basi alichofanya Shakespeare: habari aliyoipokea ilikuwa ya kisiwa kisicho na mwenyewe, yeye akaweka mtu ndani na kumpa sentensi "kisiwa hiki ni changu". Hakuna aliyemlazimisha. Hoja hiyo ni nzito kuliko kuita kila mtu mkoloni.

Wakitaka mfano wa mtu aliyeijibu tamthilia, Aimé Césaire wa Martinique aliiandika upya kwa Kifaransa mwaka 1969. Caliban wake anapoingia, neno lake la kwanza ni "Uhuru!" Kwa Kiswahili hivyohivyo. Na mle mwishoni Prospero haondoki. Anabaki kisiwani na Caliban, wakizeeka katika ugomvi. Usilete zaidi ya hapo, maana watabishana juu ya Césaire mkisahau kitabu mlichopewa.

JukwaaKibuye, Kisumu

Mimi nitajibu la dakika 80, maana hoja nzuri hufa kwa mpango mbaya.

Dakika 12 za kwanza, someni kwa sauti vipande viwili: Caliban kutoka mwambani, na Ariel kudai uhuru. Wasomaji wasimame, wasisomee vitini. Dakika 5, mwenyekiti aeleze tofauti ya kumiliki na kutawala, kama alivyosema wakili. Kisha kila kundi wasemaji wawili, dakika 4 kila mmoja. Makundi manne, jumla 32. Dakika 15 za maswali, na hapa weka kanuni moja: hakuna swali bila kutaja tendo na onyesho. Dakika 6 waamuzi watano watoke nje. Zinabaki 10: za Migingo, na za kurudisha viti, ambazo waalimu husahau kila mara.

Kila kundi lipewe vipande sita vya karatasi, kila kimoja na nukuu moja. Wakitumia nukuu, kipande kinawekwa mezani, hakirudi. Usipofanya hivyo watarudia "kisiwa ni changu" mara tisa. Sita zinatosha, ukiwapa 12 wanasoma karatasi badala ya kuwatazama wapinzani.

Hilo la Miranda usilifiche wala usiliache lilipuke. Caliban hakani. Anajibu kwa kicheko, anasema laiti angefanikiwa, angekijaza kisiwa watoto wa Caliban. Darasani jibu hilo huzua ama kelele ama kicheko cha wavulana, na vyote viwili vinaua mdahalo. Waambie wa Caliban walitaje wao wenyewe, kwenye dakika ya kwanza ya msemaji wa pili, kwa maneno makavu: ndiyo, alijaribu, ni uhalifu. Halafu wasonge: uhalifu una adhabu yake, je, adhabu hiyo ni kupoteza nchi? Na wa Prospero wana haki kamili ya kujibu kwamba mtawala mwenye binti hawezi kumpa nchi mtu wa namna hiyo. Huo sasa ni mdahalo.

Pia angalia toleo lenu. Baada ya hapo kuna hotuba kali ya kumwita Caliban mtumwa wa kuchukiza na kusema nilikufundisha kusema. Toleo la 1623 linampa Miranda maneno hayo. Wahariri wa baadaye waliona ni makali mno kwa msichana, wakampa Prospero. Kama vitabu vyenu vimechanganyika, wasomaji wawili wataanza kusoma kwa pamoja na darasa zima litacheka.

Msilidharau kundi la walevi. Stephano, mtunza pombe wa mfalme, ndiye pekee anayetangaza wazi mfumo wa kutwaa kisiwa: mfalme na wengine wamezama, basi sisi tunarithi. Ameokoka kwa kuelea juu ya pipa la mvinyo, na chupa yake kaichonga kwa gome la mti. Caliban anaapa utii kwa kuinywa. Tumieni kibuyu, kinaonekana hata viti vya nyuma, kuliko chupa ya plastiki.

Ila onyesheni kwa vitendo ile sehemu ya tendo la 4, nguo zilizoanikwa. Ariel ametundika mavazi yanayometameta. Kanzu mbili za kung'aa na koti lenye vifungo vya dhahabu kutoka mitumba ya Kibuye zinatosha. Stephano na Trinculo wanasahau mapinduzi, wanaanza kugombea nguo. Caliban peke yake anasema ziacheni, ni takataka, kwanza tumalize kazi. Mwigizaji wa Caliban asiziguse hata kwa kidole. Akigusa tu, hoja imekwenda. Hapo ndipo unaona kati ya waasi watatu ni nani mwenye akili ya utawala, na ni huyohuyo aliyekosea kumchagua kiongozi.

MwalimuManyatta, Kisumu

Asanteni sana, nimeshakata karatasi. Wakili, la ruhusa sikulitegemea kabisa. Mawili yamebaki. Wa Ariel bado wananitazama tu. Na Gonzalo je, yule mzee wa tendo la 2 mwenye ndoto ya nchi isiyo na serikali? Naye ni mgombea?

Lurambi_Fasihi, Kakamega

Nianze na Gonzalo, hachukui muda. Anasema kama kisiwa kingekuwa chake asingeruhusu biashara, hakimu, mkataba, urithi, tajiri wala maskini, na hakuna ufalme. Sebastian, ndugu wa mfalme, anamkata hapohapo: lakini yeye angekuwa mfalme wake. Mawazo yenyewe Shakespeare aliyatoa kwa mwandishi Montaigne wa Ufaransa, aliyetafsiriwa kwa Kiingereza na John Florio mwaka 1603. Msimpe kundi. Mpeni mwenyekiti hiyo sentensi ya Sebastian, aisome kila msemaji anapoahidi kisiwa kisicho na bwana.

Wa Ariel wamekwama kwa sababu wanatafuta mahali Ariel anapodai kisiwa. Hapapo. Anadai kuachiliwa, basi. Kwa hiyo wabadilishe kazi: wasigombee, wakague. Wahesabu ni nani aliyefanya kila tendo la utawala wa Prospero siku ile. Dhoruba, Ariel. Kumwongoza Ferdinand kwa wimbo, Ariel. Kumwamsha Gonzalo kabla hajauawa, Ariel. Karamu inayotoweka mbele ya mfalme wa Naples, Ariel. Nguo, mbwa wa kuwakimbiza walevi, Ariel. Kuni na moto, Caliban. Prospero mwenyewe anamwambia Miranda kwamba hawawezi kumkosa, maana ndiye anayekoka moto na kuleta kuni. Ukitoa hao wawili, bwana wa kisiwa anabaki na joho, fimbo na vitabu. Caliban analijua hilo; ndiyo maana anamwambia Stephano avikamate vitabu kwanza.

Halafu wamalizie na tendo la 5. Maadui wote wako mikononi mwa Prospero, na anayesema kwanza habari ya huruma ni Ariel: ukiwaona sasa, moyo wako ungelainika. Prospero anauliza: unadhani hivyo? Ariel anajibu: wangu ungelainika, bwana, kama ningekuwa binadamu. Ndipo Prospero anapoamua kusamehe. Wa Prospero watautumia msamaha huo kama karata yao kubwa. Wa Ariel wawe wameshauweka mezani, na jina la aliyeuanzisha.

Kitu kimoja cha thamani ya kisiwa. Kwenye maneno yake ya kufunga, Prospero anakiita kisiwa kikavu na kuomba asiachwe humo. Mrudishe mwanafunzi tendo la 2 onyesho la 2, Caliban akiwaahidi walevi: matufaha ya mwitu, njugu atakazochimba kwa kucha zake ndefu, kiota cha ndege, namna ya kumnasa tumbili mdogo mwepesi. Na tendo la 3, kisiwa kilichojaa sauti na nyimbo zisizodhuru, ambazo akizisikia usingizini na kuamka analia apate kuota tena. Ardhi ni moja. Mmoja anaiona sebule ya kungojea meli.

Njoro_Msomaji, Nakuru

Hapo Lurambi umemsaidia Prospero bila kutaka. Kama ni sebule tu kwake, basi hakuwa mnyang'anyi wa ardhi. Anaondoka bila kuacha gavana, bila bendera. Walowezi wetu hawakufanya hivyo.

Wakili_Section58, Nakuru

Anaondoka pia bila kurudisha. Tafuta mstari unaosema "Caliban, kisiwa chako hiki hapa". Anachosema Prospero ni kwamba kiumbe hiki cha giza, yaani Caliban, anakikubali kuwa chake. Kuacha mali njiani na kumrudishia mwenyewe ni vitu viwili.

JukwaaKibuye, Kisumu

Na hiyo ndiyo sehemu ya kuamua kabla ya siku yenyewe, mwalimu, kama mtafunga kwa igizo fupi. Maandishi hayasemi kama Caliban anapanda meli au anabaki. Agizo la mwisho analopewa ni kwenda na wenzake kusafisha makao ya Prospero, yapendeze, kama anataka msamaha. Makao ambayo kesho yake hayatakuwa na mtu. Caliban anajibu kwamba atakuwa na busara kuanzia sasa, anajiita punda kwa kumdhania mlevi kuwa mungu, na anatoka.

Wengi humwondoa jukwaani hapo na kumsahau. Jaribuni hivi: zile kuni alizobeba tendo la 2, ambazo Ferdinand naye alizibeba tendo la 3, ziachwe zimelala pembeni kushoto tangu mwanzo, mzigo mmoja wa vijiti kama 15 uliofungwa kwa kamba ya katani, usiwe mzito kwa sababu Ferdinand ataunyanyua mara nyingi. Prospero akimaliza maneno yake ya kuomba makofi na kutoka, Caliban aingie na fagio, afagie hatua tatu, asimame. Asiseme kitu. Taa zizimwe akiwa bado analishika fagio, na waamuzi watoke nje na karatasi zao.